Ngamia Watano kwa Mfupa Ulioonekana

Jumatano ni siku ya mnada mjini Garissa. Mifugo huingia sokoni tangu mapema: ng'ombe, mbuzi, kondoo, na ngamia wenye maringo yao. Vumbi likitulia kidogo, madalali huanza kazi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kupatana bei kwa vidole, kimoja kikibanwa, kingine kikikunjwa. Waliosimama kando huona nyuso tu.

Ngamia huyohuyo ana hesabu nyingine isiyotajwa sokoni. Katika hesabu hiyo ngamia 100 ni uhai wa mwanamume. Ngamia 10 ni kidole kimoja, kiwe gumba au cha mwisho. Ngamia 5 ni jino. Na ngamia 5 vilevile ni jeraha la kichwani au usoni lililochanika mpaka mfupa ukaonekana, hata kama kilichoonekana ni nukta ya ukubwa wa ncha ya sindano.

Hiyo ni dia, ambayo Wasomali huiita mag. Imeandikwa katika vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na imo pia katika xeer, sheria ya mila wanayoihifadhi wazee vichwani. Swali linaloiandama halijapata kuzeeka. Mtoto wa Garissa hufundishwa tangu dugsi, chuo cha Qur'ani, kwamba mwili si mali yake, ni amana. Haruhusiwi kujiua wala kukiuza kiungo chake, na hata akifa mifupa yake ina heshima: iko hadithi aliyoipokea Abu Dawud inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Sasa kitu kisichouzika kinapataje bei, tena bei yenye vipimo vya ndani kiasi hiki?

Inabidi kuchungulia ndani ya jeraha lenyewe.

Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj, kitabu cha fikihi ya Kishafi kilichosomeshwa kwa vizazi katika pwani ya Waswahili na katika nchi ya Wasomali. Humo majeraha ya kichwa na uso ni kumi, na yamepangwa kwa kina, si kwa urefu. La kwanza hukwaruza ngozi bila kutoa damu. La pili hutoa damu. Tofauti ya hayo mawili daktari wa leo huieleza kwa hadubini. Tabaka la juu la ngozi ni tishu ya epithelia, seli zilizobanana kama matofali ya ukuta, na ndani ya ukuta huo hakuna mshipa hata mmoja wa damu. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama moja ya kumi ya milimita, na hujijenga upya kila baada ya wiki chache. Anayeishia hapo hatoki damu. Anayevuka ameingia katika tishu unganishi, yenye nyuzi za kolajeni na mishipa tele. Fakihi hakuwa na hadubini. Alikuwa na tone la damu, likamtosha kujua kwamba mpaka umevukwa.

Jeraha la tatu hukata nyama na la nne huzama humo. Nyama hiyo ni tishu ya misuli, yenye kazi ya kujikunja na kuachia. Pembeni mwa kichwa ndiyo inayoonekana ikicheza juu ya sikio mtu anapotafuna miraa. La tano hupita nyama yote na kusimama kwenye utando mwembamba uliouvika mfupa, ambao Waarabu waliuita simhaq. Utando huo una neva nyingi, ndiyo maana kugongwa muundi wa mguu kunatoa machozi, na una seli zinazojenga mfupa upya unapovunjika.

Mpaka hapo, katika madhehebu ya Shafi, hakuna idadi maalumu ya ngamia. Wazee hukadiria. Ni jeraha la sita, lile linaloufunua mfupa, ndilo linaloanza kuhesabiwa: ngamia 5. Mfupa ukivunjika ni 10, ukihama mahali pake ni 15. Likifika kwenye utando wa ubongo ni theluthi ya dia nzima, yaani ngamia 33 na kipande. Jinsi ya kumlipa mtu theluthi ya ngamia ni kazi wanayoachiwa wazee na chai yao. Jeraha hilo linaitwa maamuma, kutokana na umm, mama, kwa sababu matabibu wa Kiarabu waliuita utando huo mama wa ubongo. Karne ya 12 watafsiri wa Ulaya waliligeuza jina hilo kuwa la Kilatini, dura mater, mama mgumu, na mpaka sasa daktari anayepasua kichwa Nairobi au London hulitaja kila siku, huenda bila kujua lilikotoka.

Kuna desturi iliyoenea ya kutafuta sayansi ya kisasa katika kila ukurasa wa zamani, na makala haya hayana haja nayo. Mafakihi hawakuwa wakitafuta tishu. Watu waliletwa mbele yao wakivuja damu na jamaa zao wameshika mikuki nje, na jawabu lilitakiwa kabla ya magharibi. Aliyezitafuta tishu kwa ajili ya kuzijua ni Xavier Bichat, Mfaransa ambaye hata yeye hakuiamini hadubini. Alitumia kisu, maji ya moto, asidi na macho yake, na katika vitabu vyake akaeleza kwamba viungo vyote vimefumwa kwa vitambaa vichache vinavyojirudia, akahesabu aina 21. Alikufa mwaka 1802 akiwa na miaka 30. Waliomfuata walizipunguza hadi nne zinazofundishwa leo katika shule za Garissa na kwingineko: epithelia ya kufunika na kunyonya, unganishi ya kushikilia na kusafirisha, misuli ya kusogeza, na neva ya kupeleka habari.

Mtu akiweka orodha ya Nawawi kando ya hiyo ya madaktari, hushawishika kusema kwamba ngamia huongezeka kadiri tishu inavyoshindwa kujirudisha. Ngozi hurudi, kwa hiyo haina ngamia. Seli za ubongo zikifa hazirudi, kwa hiyo ngamia ni wengi. Ni nadharia nzuri na mfupa unaivuruga. Mfupa ni kati ya tishu zinazopona vizuri kuliko zote. Ukiungwa sawasawa hujijenga kwa wiki kadhaa, na baada ya miaka picha ya eksirei inaweza isionyeshe ulipovunjika. Msuli uliokatwa hadi ndani hubakia na kovu. Hata hivyo msuli hauna ngamia aliyetajwa, na mfupa uliochunguliwa tu, haukuvunjika, una ngamia 5.

Kwa nini? Kwa sababu mfupa ni mweupe. Wazee wawili wa koo zinazochukiana wanaweza kubishana mpaka usiku juu ya kina cha nyama iliyokatwa, lakini hawawezi kubishana juu ya mfupa waliouona wote. Na jambo hilo linabadili maana ya hesabu yote. Dia haipimi kilichopotea mwilini. Inapima kile ambacho watu wenye hasira wanaweza kukubaliana kwamba kimepotea. Ni bei ya ugomvi, na mwili umetumika kama kipimo chake. Amana haikuuzwa, kilichonunuliwa ni mkuki usirushwe.

Angalia vidole. Inasimuliwa kwamba khalifa Umar aliwahi kuvitofautisha, gumba likapewa ngamia wengi na kidole cha mwisho wachache, jambo ambalo kila seremala angelikubali. Kisha akaletewa habari ya barua ambayo Mtume alimpa Amr bin Hazm aende nayo Yemen, yenye ngamia 10 kwa kila kidole, akaiacha rai yake. Sheria ya Kenya ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 imerudi kwa seremala: jedwali lake hupima ulemavu kwa asilimia, gumba likiwa mbali na kidole cha mwisho, na kupoteza macho yote mawili ni 100. Jedwali hilo linauliza mkono utafanya kazi gani kesho. Usawa wa vidole unauliza ugomvi uishe vipi leo.

Neva ziliwasumbua mafakihi kuliko tishu nyingine, kwa kuwa zikiharibika hakuna mfupa wa kuonyesha. Mtu akipigwa kichwani akapoteza akili, dia ni kamili, ngamia 100, hata kama hakuna kovu. Kusikia ni kamili, kuona ni kamili. Lakini nani atajua kwamba hasikii kweli? Vitabu vimejaa mitego: apigiwe ukelele wa ghafla akiwa ameghafilika aonekane kama atashtuka, mwenye kudai upofu asogezewe nge au chuma machoni bila taarifa. Mitego hiyo inachekesha kidogo mpaka msomaji akumbuke kwamba daktari anayemulika mboni ya jicho kwa tochi, au kugonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, anafanya kitu cha ukoo huohuo. Kisichoonekana hulazimishwa kujitokeza.

Goti hilo lina habari yake katika Kisomali. Kwa mila, mkosaji halipi peke yake. Hulipiwa na kundi la jamaa zake wa kiume, ambalo fikihi huliita akila. Wasomali wengi wa kusini huliita kundi la namna hiyo jilib, na jilib ni goti. Neno moja linataja kiungo chenye gegedu, kano na maji ya kulainisha, na pia watu watakaokusanya ngamia kijana wao akiua. Mtu si mwili mzima uliosimama peke yake. Mwili mzima ni ukoo, na yeye ni tishu mojawapo humo. Jeraha lake ni la wote, na pia hatia yake.

Fikra hiyo imefanya kazi kubwa kaskazini mashariki mwa Kenya. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya damu, kwani Katiba ya 2010 imeiwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, kwa hiyo dia huamuliwa na wazee chini ya mti. Mwaka 1993 wazee wa koo zilizokuwa zikichinjana Wajir walitia saini Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2001, Modogashe, mpakani mwa Garissa na Isiolo, jamii za eneo hilo ziliandika viwango vya pamoja: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa dia. Wanasheria wanaigombania mpaka leo, wengine wakikitaja kifungu cha 159 cha Katiba kinachohimiza njia za jadi za kusuluhisha, wengine wakikitaja kifungu hichohicho mahali kinapozikataza zisivunje haki za binadamu.

Hiyo 50 haipiti bila kusemwa. Amani ya Wajir ilianzishwa na wanawake. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wao, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Wanawake ndio waliowaendea wazee kuwataka wakae. Na viwango vilipokuja kuandikwa Modogashe, mwanamke aliandikiwa nusu.

Tena uko wakati ambapo goti halipo kabisa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga Wakristo na Waislamu, wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Hakuna jilib iliyokuja mbele kulipa. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki njama hiyo, mmoja akafungwa maisha, wawili miaka 41. Hesabu ya ngamia ilikuwa kimya, kwa sababu inahitaji muuaji mwenye jamaa wanaotaka kuendelea kuishi jirani na jamaa wa aliyeuawa. Kilichotembea siku zile ni tishu nyingine: jijini Nairobi watu walijipanga kutoa damu. Damu ni tishu unganishi kama mfupa, ila iliyo majimaji, na mtu mzima anaweza kutoa chupa ya mililita 450 akaondoka kwa miguu yake. Iko hadithi kwa Bukhari inayokataza thamani ya damu, na wanazuoni wengi wa leo huichukua kama katazo la kuiuza huku wakiruhusu kuitoa bure. Kwa hiyo damu iliyomwagwa inalipiwa ngamia, na damu iliyotolewa haipokelewi hata shilingi. Hapo dia inaonekana wazi kuwa haikuwa bei ya kitu.

Lakini kama dia inapima kile ambacho wazee wanaweza kukiona na kukubaliana, basi udhaifu wake ni uleule: jeraha wasilolitazama. Ni mara nyingi kiasi gani binti aliyebakwa kaskazini mashariki ameona jambo lake likimalizwa kwa maslaha, yaani suluhu ya wazee, mifugo ikahama kutoka kwa baba wa mmoja hadi kwa baba wa mwingine, kisha yeye akabaki na neva zake? Wanaharakati wa eneo hilo wamelilalamikia kwa miaka. Ugomvi umenunuliwa, na kwa kipimo cha wazee kazi imekwisha.

Kuna jeraha jingine ambalo halijafika hata chini ya mti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 97.5 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa. Aina iliyozoeleka kwa vizazi, ambayo Wasomali wenyewe huiita ya kifirauni, hukata kinembe na midomo ya uke, kisha hushona kilichobaki. Kwa lugha ya Bichat, huondolewa epithelia laini yenye unyevu, pamoja na tishu yenye neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na mahali pake huota kovu. Kovu ni tishu unganishi iliyojengwa kwa haraka: kolajeni imelazwa upande mmoja, nyuzi za kunyumbuka ni haba, vinyweleo na tezi hakuna. Siku ya kuzaa, mahali panapotakiwa kutanuka kuliko wakati wowote pamewekwa kitu kisichotanuka. Wakunga wanajua kinachofuata.

Turudi kwa mafakihi, ambao waliandika pia habari ya sehemu hiyo. Katika fikihi ya Kishafi, katika mlango uleule wa jino, kidole na jeraha la mfupa, midomo ya uke imetajwa kwa jina: anayeikata yote miwili anawajibika kwa dia kamili ya mwanamke, na akikata mmoja, nusu yake. Haikuachwa kwa aibu. Ni ngamia 50, mara kumi ya mfupa wa mwanamume ulioonekana.

Haitakuwa haki kulitumia hilo bila kutaja upande wa pili. Madhehebu ya Shafi hayohayo yalizungumzia tohara ya wanawake, na wapo waliosema ni wajibu. Walichokieleza ni kipande kidogo cha ngozi, na hicho nacho kimekataliwa na wengi wa siku hizi: wanazuoni waliokutana al-Azhar, Cairo, Novemba 2006, walisema ni mila isiyo na msingi katika Qur'ani wala hadithi sahihi. Nchini Kenya, Ibrahim Lethome Asmani na Maryam Sheikh Abdi waliandika mwaka 2008 hoja za kuitenga mila hiyo na Uislamu. Mabishano juu ya kipande kidogo yanaendelea Garissa, na neno sunna limekuwa kimbilio la wanaotaka kupunguza bila kuacha. Juu ya midomo, hata hivyo, hakuna la kubishania. Kitabu kinacholipangia jino ngamia 5 kimeipangia midomo 50, na hakuna mahali kiliposema jino linafuatwa na midomo inasamehewa. Wala mtoto wa miaka saba hana ridhaa inayokubaliwa na fakihi yeyote.

Kwa nini basi hakuna mzee aliyewahi kusikika akidai ngamia hao?

Fuatisha madai kama wanavyofuatisha wazee. Aliyekata ni ngariba, mwanamke. Kosa lake hulipiwa na akila yake, jamaa wa kiume wa upande wa baba yake. Aliyemwita ni mama au bibi wa mtoto, na aliyenyamaza ni baba. Atakayedai kwa niaba ya mtoto ni baba huyohuyo, pamoja na jilib yake. Mara nyingi ngariba ni shangazi au jirani wa ukoo mmoja nao. Ngamia 50 watatoka katika zizi moja na kurudi humohumo, na baba atakuwa mdai wa kosa alilolinyamazia mwenyewe. Hakuna mkuki nje, kwa hiyo hakuna ugomvi wa kununua, na kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya ugomvi hakisomi kitu. Goti haliwezi kujishtaki.

Serikali ina kipimo chake. Sheria ya Kukataza Ukeketaji ya mwaka 2011 inamwadhibu mkosaji kwa kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Mtoto akifa, ni kifungo cha maisha. Faini hiyo, ikienda, huenda hazina ya taifa. Jumatano yoyote sokoni Garissa, mwenye shilingi 200,000 mkononi akishikana vidole na dalali chini ya shuka, hatoki na ngamia 50. Hutoka na wachache wa kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, na hao atawapeleka nyumbani wakiwa wake.